Spiriti, Vifuu na Makonyo: Hesabu ya Jikoni Majengo

Mwisho wa Januari 2026 kampuni ya KOKO ilifunga shughuli zake nchini Kenya, na nyumba nyingi za Majengo, Mombasa, zikabaki na jiko zuri lisilo na mafuta. Jiko lile lilitumia spiriti, yaani ethanoli, kemikali itokanayo na molasi, ule uji mweusi mzito unaobaki kiwandani baada ya sukari kutolewa kwenye miwa. Ulikuwa ukienda dukani na mkebe wako, unalipa kwa M-Pesa, mashine inakujazia hata kwa shilingi hamsini, unarudi nyumbani kukaanga samaki bila moshi. Kwa mpangaji wa chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, mahali ambapo vyumba sita vinagawana ukumbi mmoja na uwa mmoja, hiyo haikuwa raha ndogo.

Kampuni ilifunga baada ya kukosa barua ya idhini ya serikali ya kuuza hewa kaa nje ya nchi. Hapo ndipo pana somo la mnunuzi, na ndilo lililonifanya niandike. Bei tuliyokuwa tukilipa dukani haikuwa bei ya spiriti. Sehemu yake ilikuwa ikilipwa na mtu mwingine, mbali, anayenunua haki ya kusema kwamba moshi fulani haukutoka. Mtu huyo alipokosa kupatikana, bei ya kweli ilibaki uchi, na hakuna aliyeweza kuibeba.

Kwa hiyo anayeambiwa leo kwamba bidhaa fulani imetengenezwa kwa taka za shambani, na kwa sababu hiyo ni rahisi, aulize mambo mawili kabla ya kutoa pesa: taka hizo zimetoka umbali gani, na nani mwingine anazitaka? Ziko bidhaa kadhaa za aina hii zinazofika Majengo, nyingine tunazitumia bila hata kujua asili yake. Nimezipima moja moja, na nitasema wazi ninayoipendelea.

Tuanze na spiriti yenyewe, kwa maana haijapotea. Ethanoli bado inatengenezwa nchini, na si ajabu muuzaji mwingine akaja kesho na mkebe wa rangi nyingine. Tani moja ya miwa hutoa kilo 40 hivi za molasi. Molasi hiyo ikichachushwa kwa hamira na kutoneshwa, hupata takriban lita 10 za ethanoli. Lori la tani 20 za miwa, basi, lina lita 200 ndani yake, na hizo ni baada ya sukari kutolewa. Si haba, lakini angalia ramani. Viwanda vikubwa vya ethanoli viko magharibi: Agro-Chemical and Food Company iko Muhoroni, Spectre International iko Kisumu. Kutoka huko hadi kisiwa cha Mombasa ni safari ya kilomita 800 hivi. Sisi watu wa Pwani tuna miwa ya Kwale, kule Msambweni, ambako kiwanda cha zamani cha Ramisi kilikufa mwaka 1988 na kampuni ya sukari ya KISCOL ikaja baadaye kupanda upya. Lakini hata taka za pale zina kazi: makapi ya miwa, yaani nyuzi zilizokamuliwa, kazi yake ya kwanza ni kuchomwa ili kupata mvuke na umeme wa kiwanda.

Na molasi si taka isiyo na mwenyewe. Wafugaji wanaitaka kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, watengenezaji wa pombe halali wanaitaka, hospitali zinataka spiriti ya kusafishia vidonda, na tangu korona kila ofisi inataka dawa ya mikono. Watu wote hao wako tayari kulipa kwa lita zaidi ya mtu anayepika maharagwe. Ukiwa mnunuzi wa mwisho katika foleni hiyo, bei haiwezi kukuonea huruma.

Sasa hesabu. Bei hubadilika kila wiki, kwa hiyo sitakupa bei ya kukariri. Nitakupa njia, nawe utaweka bei ya duka lako. Kipimo changu ni sufuria ya maji ya lita 5, kutoka joto la bomba la Mombasa hadi yachemke. Kila nishati ina nguvu yake kwa kilo au kwa lita, na kila jiko lina kiasi kinachofika kwenye sufuria na kiasi kinachopotea hewani. Jiko la gesi na la spiriti hufikisha zaidi ya nusu ya moto wake. Stovu ya mafuta taa hufikisha kama asilimia 40. Jiko la makaa lenye udongo ndani, lile lililoanza kuenea Kenya miaka ya 1980, hufikisha kama 30, na la bati tupu kama 20.

Ukizidisha na kugawanya, sufuria ile hula gesi gramu 60, au spiriti mililita 130, au mafuta taa mililita 107, au makaa gramu 170 katika jiko la udongo, au gramu 260 katika jiko la bati. Tia bei za mfano. Mtungi wa kilo 6 ukijazwa kwa Sh 1,200, kilo ni Sh 200 na sufuria yako imekugharimu Sh 12. Mafuta taa yakiwa Sh 150 kwa lita, ni Sh 16. Makaa yakiwa Sh 70 kwa kilo, ni Sh 12 kwenye jiko la udongo na Sh 18 kwenye la bati. Spiriti ikiwa Sh 100 kwa lita, ni Sh 13, karibu sawa na gesi. Ikipanda hadi Sh 150, ni zaidi ya Sh 19, na hapo imeshindwa na kila kitu kilichomo jikoni. Ikifika Sh 200, ni Sh 26.

Kuna njia ya mkato unayoweza kwenda nayo dukani bila karatasi. Chukua bei ya kilo moja ya gesi, igawe kwa mbili na kidogo. Jibu ndilo bei ya juu kabisa unayopaswa kulipa kwa lita ya spiriti. Gesi ikiwa Sh 200 kwa kilo, spiriti isipite Sh 90 hivi. Ikipita, unalipia kitu kingine, na pengine kitu hicho kina thamani kwako, ila ukijue. Thamani hiyo ipo kweli: spiriti inanunuliwa kwa vipande vya shilingi hamsini, haihitaji mtungi wa maelfu siku ya kwanza, na haina mgandamizo wa kulipuka. Mama anayepata pesa yake kwa siku, akiuza bajia jioni, hana Sh 1,200 za mkupuo. Yeye akilipa Sh 110 kwa lita, simlaumu. Anakodi urahisi wa kununua kidogo kidogo, na urahisi huo una bei yake.

Mafuta taa nayaweka pembeni. Serikali iliyaongezea ushuru wa Sh 18 kwa lita mwezi Septemba 2018 ili yasichanganywe na dizeli, na tangu hapo hayajawa tena mafuta ya maskini. Kilichobaki ni harufu yake, inayoingia hadi kwenye chapati, na masizi yake, yanayoingia kifuani mwa mtoto anayelala chumba hicho hicho. Gesi nayo ilipita misukosuko ya kodi: asilimia 16 mwaka 2021, nusu yake mwaka uliofuata, kisha ikaondolewa kabisa mwaka 2023. Mwenye uwezo wa kununua mtungi kwa mara ya kwanza, gesi ndiyo inayoshinda kwa kupika kwa haraka, chai ya asubuhi na mayai na samaki wa kukaanga. Ila upimiwe. Ubavuni au shingoni mwa mtungi pameandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Uongeze kilo 6, uuweke kwenye mizani, na kama muuzaji hana mizani au hataki kuitoa, nenda kwa mwenzake. Bei iliyo chini mno kuliko ya mtaa mzima mara nyingi ni mtungi uliojazwa uchochoroni kwa mpira, na mitungi ya namna hiyo inaua.

Kabla sijaiacha spiriti, neno kwa wenye lile jiko lililobaki. Mkebe wake ulitengenezwa ujazwe na mashine ile tu. Usiutoboe, usiulazimishe valvu, na kwa hali yoyote usitie petroli wala ile spiriti ya wapaka rangi inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Hiyo ya mwisho mara nyingine ina methanoli, ambayo mvuke wake ni sumu na ambayo Wakenya wamekufa kwayo ilipoingia kwenye pombe haramu. Methanoli nayo huwaka kwa mwali usioonekana vizuri mchana, na mtu huongeza mafuta akidhani moto umezimika. Jiko hilo liweke tu. Anayetaka kununua jiko jingine la spiriti siku za mbele amuulize muuzaji kama linaweza kujazwa mafuta ya kampuni nyingine. Kama haliwezi, basi hununui jiko. Unaingia mkataba na kampuni, na siku ikiondoka inaondoka na moto wako.

Hapa nisogee kwenye taka iliyo karibu zaidi kuliko zote, na ambayo naona tumeidharau kwa sababu tunaiona kila siku. Majengo nazi hukunwa kila siku. Wali wa nazi, mbaazi, samaki wa kupaka, mboga za mchicha, vyote vinapita kwenye mbuzi. Kifuu kinabaki, kinatupwa pembeni ya uwa, kinaokotwa kuwashia jiko. Kifuu kimoja kikavu kina gramu 150 hivi. Ukikichoma katika chombo kisichopitisha hewa, karibu theluthi yake hubaki kuwa makaa, magumu, mazito, yasiyorusha cheche. Ile theluthi mbili nyingine hutoka kama moshi, na moshi huo ndio kemikali zenyewe: asidi ya siki, methanoli, lami, fenoli. Katika viwanda vya nchi nyingine moshi huo hupozwa ukawa maji ya kahawia yanayonyunyiziwa mimea kufukuza wadudu. Kwetu unapanda mbinguni na kuwakera majirani.

Usidanganyike, hata hivyo, kwamba nyumba moja inaweza kujitosheleza. Nazi mbili kwa siku ni vifuu vya gramu 300, ambavyo hutoa makaa gramu 90. Sufuria yetu ya lita 5 inataka gramu 170, yaani vifuu vya karibu nazi nne. Kwa hiyo vifuu vya nyumbani bora vichomwe vilivyo, kama kuni za kuwashia, uani penye hewa. Makaa ya vifuu ya kununua hutoka Kwale na Kilifi, zilizo kaunti za minazi, kwa watu wanaokusanya vifuu vingi mahali pamoja, wanavichoma kwenye mapipa, wanasaga, wanachanganya na uji wa muhogo na kufinyanga briketi.

Nimesimama mara nyingi kando ya jiko la muuza mishkaki saa za jioni, na tofauti inaonekana kwa macho. Makaa ya kawaida, hasa yaliyochomwa kwa miti laini, huwaka kwa fujo, yanalipuka na kurusha cheche, na baada ya nusu saa anaongeza tena. Briketi nzuri ya kifuu ni mvivu kuwaka. Anaianza kwa kipande cha makaa ya kawaida na kupepea kwa kipepeo cha ukindu. Lakini ikishika, inakaa nyekundu kimya kimya, haitoi moshi wa kuifanya nyama iwe chungu, na anaweza kuhudumia wateja wa maghrib hadi baada ya isha bila kugusa moto. Kwake yeye, kulipa bei ya juu kidogo kwa kilo ni faida, maana kinachomuumiza ni kuongeza moto katikati ya wateja. Vivyo hivyo kwa mama wa maharagwe na mbaazi, na kwa anayepika biriani ya arusi inayotaka moto wa chini na wa juu ya kifuniko.

Kwa chai ya asubuhi, briketi ni hasara tupu. Birika limeshachemka na jiko bado limejaa moto unaowaka bure. Hesabu yangu ya gramu 170 inachukulia kwamba moto wote unatumika, na kwa chai hautumiki.

Unaponunua, usinunue kwa kopo. Kopo halisemi uzito, na briketi zilizo na nafasi kubwa kati yake hulijaza kopo haraka. Nunua kwa mizani. Chukua moja ugonge nyingine: nzuri hulia kama kigae, mbaya hulia kama udongo. Choma mbili tatu nyumbani na utazame majivu. Mtengenezaji asiye mwaminifu huongeza udongo ili kuongeza uzito, na udongo hauungui. Ukikuta jivu limebaki na umbo lile lile la briketi, zito mkononi, umenunua ardhi. Na iwe ya kifuu au ya mti, makaa ni makaa. Hayana moshi lakini yana ile gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, na kuyaingiza chumbani ili kulala na joto msimu wa kusi, au kufukizia udi mlango ukiwa umefungwa, ni hatari ile ile.

Kifuu hicho hicho kikipelekwa hatua moja mbele hugeuka kitu chenye thamani kubwa zaidi. Makaa yake yakipitishiwa mvuke katika joto la digrii 800 hadi 1,000, hutobolewa vitundu visivyoonekana kwa macho, na gramu moja hupata uso wa mita za mraba 1,000 hivi. Gramu saba tu, zingetandazwa, zingejaza uwanja wa mpira. Hiyo ndiyo kaboni hai, inayonasa harufu, rangi na klorini kutoka kwenye maji, na inayotumika pia kunasa dhahabu katika viwanda vya madini. Vichujio vingi vya maji vinavyouzwa mjini vina kaboni ya vifuu ndani yake, mara nyingi iliyosafiri kutoka Asia hadi kufika kwetu kwenye minazi.

Hapa mnunuzi wa Majengo anahitaji kuwa macho kuliko popote. Maji tunayonunua kwa mkokoteni, mtungi wa lita 20, mengi hutoka visimani, na visima vya kisiwani vina chumvi. Kaboni haiondoi chumvi. Haiondoi kabisa, hata ukinunua kichujio cha bei gani. Chumvi huondolewa kwa mashine za kusukuma maji kupitia utando mwembamba, zile zinazotumiwa na wauzaji wa maji matamu, na bei yake ni ulimwengu mwingine. Pia kaboni peke yake haiui vijidudu. Kichujio kilichozeeka hugeuka kuwa nyumba yao. Basi nani afaidike nacho? Mwenye maji ya bomba, yale ya vyanzo vya Mzima au Baricho yakifika, yenye harufu ya klorini, au anayetia dawa ya klorini mwenyewe ndani ya mtungi. Atie dawa kwanza, asubiri nusu saa, kisha ayapitishe kwenye kaboni. Kwa gharama, gawanya bei ya kartiriji kwa lita zilizoandikwa kwenye boksi lake. Kartiriji ya Sh 1,500 ya lita 3,000 ni senti 50 kwa lita, bei nzuri sana kwa maji ya kunywa, mradi uibadilishe muda wake ukifika. Na usidhani unaweza kuponda makaa ya jikoni ukapata kitu kile kile. Hayana vitundu vile, na yatakupa maji meusi tu.

Siki nitaipitia haraka. Lita moja ya spiriti, ambayo jikoni ni chakula cha siku moja au mbili, bakteria wakiigeuza hutoa karibu lita 20 za siki ya asilimia 5. Weka bei ya chupa moja ya siki kando ya bei ya lita ya spiriti, na utaelewa kwa nini viwanda haviko tayari kukuchomea molasi yao kwa bei ya makaa. Siki iliyochachushwa na ile iliyotengenezwa kwa kutia maji kwenye asidi ya kiwandani zote zinauzwa, na lebo husema. Kwa kung'oa gaga jeupe la birika, ambalo maji yetu magumu hulijenga kwa mwezi mmoja, nunua ya bei ya chini. Kwa achari ya maembe na kachumbari nunua iliyochachushwa. Tofauti ya shilingi chache utaionja. Asidi kali ya maduka ya kemikali isiingie jikoni hata kama umeambiwa ipunguzwe kwa maji. Inaunguza koo na macho.

Nimefika kwenye ile ninayoipenda kuliko zote, nayo haikutoka mbali sana, ni ng'ambo ya maji tu. Pemba, karafuu zikichumwa, hupuruliwa kutoka kwenye vijiti vyake, na vijiti hivyo huitwa makonyo. Mkulima anakausha karafuu kwa ajili ya kuuza. Makonyo yangekuwa takataka. Lakini Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, linayanunua na kuyapeleka kwenye kiwanda chake cha makonyo, Chake Chake, ambako mvuke hupitishwa ndani yake na kutoka na mafuta. Kilo 100 za makonyo hutoa kilo 5 au 6 za mafuta. Karafuu zenyewe hutoa mara tatu ya hapo, lakini nani anaitonesha karafuu nzima wakati dunia inailipa ghali ikiwa kavu?

Sehemu kubwa ya mafuta hayo, mara nyingi zaidi ya asilimia 85, ni kemikali moja, yujenoli. Ndiyo inayotia ganzi jino. Daktari wa meno anapokuzibia jino kwa muda, ile harufu ya karafuu inayokujaa kinywani ni yujenoli iliyochanganywa na unga wa oksidi ya zinki. Viwanda vya manukato vinaitaka, vya sabuni vinaitaka, na kwa muda mrefu ilikuwa malighafi ya vanila ya kiwandani. Hebu linganisha na spiriti. Hapa taka inakusanywa palepale inapoanguka, kiwanda kiko kisiwani humo humo, bidhaa ni nyepesi kusafirisha, na mnunuzi hutumia matone. Hakuna anayehitaji hewa kaa ili bei isimame. Kenya imewahi kujenga viwanda vya taka kwa ndoto kubwa zaidi, na tunajua yaliyotokea: mradi wa molasi wa Kisumu ulikwama miaka ya mwanzo ya 1980 kabla haujakamilika na kulala miaka mingi kabla ya kufufuliwa. Kiwanda cha makonyo ni kidogo, na udogo wake naona ndio uliokinusuru.

Dukani utakuta mafuta ya karafuu ya aina tatu: ya maua, ya makonyo na ya majani. Ya maua ndiyo ghali, na harufu yake ni laini zaidi; anayetengeneza manukato au mafuta ya mwili ana sababu ya kuyalipia. Kwa jino, kwa kufukuza mbu, kwa kutia matone mawili kwenye ndoo ya kufutia sakafu, ya makonyo yanafanya kazi ile ile kwa sababu yujenoli ni ile ile. Mnunuzi wa kawaida hana haja ya kulipa zaidi. Na kama ni jino tu linalouma usiku wa manane, karafuu kavu moja ya shilingi chache, ikitafunwa polepole upande unaouma, itakufikisha asubuhi.

Wengi huyachakachua mafuta haya kwa mafuta ya kula. Kuyajua hakuhitaji maabara. Chukua gilasi ya maji, udondoshe tone. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hiyo tone huzama, likakaa chini kama shanga ya njano. Mafuta ya kula huelea. Jaribio la pili ni la karatasi: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe na uiache siku chache. Mafuta safi yatapotea na kuacha alama hafifu, ya kula yataacha doa la grisi usiloweza kuliondoa. Mwenye duka wa Marikiti au Mji wa Kale anayeuza mali safi hatakukatalia gilasi ya maji. Ukimwomba kwa adabu, shikamoo kwanza kama ni mzee wako, utaona anafurahi kuonyesha.

Matumizi yake yawe ya uangalifu. Yasiyochanganywa huunguza fizi, kwa hiyo tone moja katika kijiko cha mafuta ya nazi, kwenye pamba, juu ya jino lenyewe. Mtoto mdogo asipewe kabisa, wala chupa isikae anapoweza kuifikia, kwa sababu hata kiasi kidogo akikimeza kinaweza kudhuru ini. Jino likiendelea kuuma siku ya pili, au shavu likivimba, nenda zahanati. Ganzi haiponyi tundu. Chupa iwe ya kioo cheusi au cha kahawia, yenye kifuniko kinachokaza, kwa kuwa mwanga huyatia weusi na yujenoli hulainisha plastiki za aina fulani. Ikiwekwa hivyo kabatini, chupa ya mililita 10 hudumu nyumba nzima kwa mwaka au zaidi.